Madam C. J. Walker: Dobi Aliyekataa Upara

Ndugu msomaji, Waswahili husema akili ni nywele, kila mtu ana zake. Methali hii tumeikariri tangu shule ya msingi na wengi wetu tumeitia katika insha mara zisizohesabika. Lakini je, umewahi kujiuliza mtu ambaye nywele zimemtoka huisikiaje? Chama chetu cha Kiswahili kilipotuomba tuandike juu ya maisha ya mtu mashuhuri aliyekwisha kufa, wenzangu wengi walichagua marais na wanasoka. Mimi nimemchagua mwanamke aliyekuwa dobi, ambaye nywele zake zilinyonyoka, naye akakataa kukaa kimya. Huyu si mwingine ila Sarah Breedlove, ambaye ulimwengu ulikuja kumjua kwa jina la Madam C. J. Walker.

Sarah alizaliwa tarehe 23 Desemba 1867 karibu na kijiji cha Delta, jimbo la Louisiana, nchini Marekani. Wazazi wake, Owen na Minerva, walikuwa watumwa katika shamba la pamba kabla ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vilivyokwisha mwaka 1865. Sarah ndiye aliyekuwa mtoto wa kwanza katika familia yao kuzaliwa akiwa huru. Uhuru huo lakini ulikuwa wa karatasi. Wazazi walibaki katika shamba lile lile, wakilima pamba ile ile, katika kibanda kile kile. Alipofika umri wa miaka saba, baba na mama walikuwa wameshafariki. Basi binti huyo akawa yatima, hana mbele wala nyuma.

Alichukuliwa na dada yake Louvenia, wakahamia mji wa Vicksburg, ng'ambo ya mto Mississippi. Huko mume wa dada yake alimtesa sana. Shule aliisikia kwa mbali tu, maana maisha yake yote alisoma kwa miezi michache mno. Alipofika miaka kumi na minne aliolewa na Moses McWilliams, ili apate pa kuweka kichwa chake na kuyakimbia mateso ya shemeji. Mimi nina miaka kumi na sita na bado ninaambiwa nikirudi nyumbani nioshe vyombo. Nikifikiria msichana mdogo kuliko mimi akiwa mke wa mtu, mwili wanisisimka.

Mwaka 1885 alijifungua mtoto wake wa pekee, Lelia. Miaka miwili baadaye mumewe akafa. Sarah akabaki mjane wa miaka ishirini akiwa na mtoto mkononi. Akafunga virago vyake kuelekea mji wa St. Louis, ambako kaka zake walikuwa vinyozi. Kumbe kinyozi hajinyoi! Nduguze walishughulikia vichwa vya wanaume mchana kutwa, ilhali dada yao alikuwa karibu kupatwa na shida ya kichwa ambayo wao hawakuwa na dawa yake.

Huko St. Louis Sarah alifanya kazi ya udobi kwa muda wa miaka kumi na mitano hivi. Alifua nguo za watu kwa mikono, katika beseni la mbao, kwa maji ya moto na sabuni kali. Kwa siku alipata kiasi cha dola moja au moja na nusu. Kutokana na pesa hizo alilipa kodi ya nyumba, akamlisha Lelia, na baadaye akampeleka kusoma katika chuo cha Knoxville kule Tennessee. Mchumia juani hulia kivulini, lakini yeye kivuli alikuwa bado hajakiona.

Ilikuwa katika miaka hiyo ya udobi ndipo nywele zake zilipoanza kutoka. Ngozi ya kichwa ilijaa mba na vidonda, ikawasha, na nywele zikawa zinakatika na kung'oka hadi sehemu nyingine zikabaki wazi kabisa.

Hebu tutue hapa kidogo tuulize kwa nini, maana Sarah hakuwa peke yake. Wanawake wengi wa wakati wake walikuwa na shida hiyo hiyo. Sababu ya kwanza ilikuwa maji. Nyumba nyingi hazikuwa na mfereji ndani, kwa hiyo watu waliosha nywele mara moja kwa mwezi, na wakati wa baridi kali hata chini ya hapo. Jasho, mafuta na vumbi vikajazana juu ya ngozi, na vimelea vikapata makao. Sababu ya pili ilikuwa sabuni kali zilizochoma ngozi na kukausha nywele. Ya tatu ni lishe duni na magonjwa. Ya nne ni fikira nyingi, kwa sababu mwili wa mtu aliyechoka mno huanza kuacha vitu visivyo vya lazima, na nywele ni miongoni mwa vitu hivyo.

Usidhani haya ni mambo ya kale tu. Shangazi yangu ni msusi. Ana kibanda chake cha mabati hapa mtaani, na mimi humsaidia siku za Jumamosi kuteka maji na kuyapasha moto jikoni. Nimewaona akina mama wakiingia wakiwa wamejifunga vilemba. Huangalia kwanza kama kuna mwanamume ndani, halafu huuliza kwa sauti ya chini kama mlango unaweza kufungwa. Wakivua kilemba ndipo unapoona: upande wa mbele na kando ya masikio hamna kitu, ngozi inang'aa kama kibuyu. Mama mmoja alimwambia shangazi kwamba kwa miaka mitatu hajamwonyesha hata mumewe kichwa chake. Alikuwa ameshanunua mafuta ya kila aina kwa wachuuzi, pesa za karo zikaishia hapo, na nywele hazikurudi. Sikuwa na la kusema. Niliendelea kuchochea moto. Lakini tangu siku hiyo mambo ya upara nimeacha kuyacheka, na ndiyo maana nilipokutana na habari za Sarah katika kitabu cha maktaba, sikukiweka chini mpaka nikakimaliza.

Sasa turudi kwake. Sarah alijaribu dawa nyingi za kienyeji na za dukani. Mnamo mwaka 1904 hivi alikutana na kazi ya mwanamke mwingine mweusi, Annie Turnbo, ambaye baadaye aliitwa Annie Malone. Mama huyu alikuwa ameshaanza kutengeneza na kuuza mafuta yake ya nywele mjini St. Louis. Sarah akawa wakala wake, akiuza nyumba kwa nyumba. Naomba msomaji alishike jina hilo, kwa kuwa watu wakimsifu Walker humsahau kabisa Malone. Aliyepanda mti mara nyingi si yule anayeonekana akila matunda.

Mwezi wa Julai mwaka 1905 Sarah alihamia Denver, Colorado, akiwa na akiba isiyofika dola mbili. Alifanya kazi ya upishi, na wakati wa jioni akawa anachanganya mafuta yake mwenyewe. Yeye alisimulia kwamba alimwomba Mungu, na usiku akaota mzee mweusi akimtajia vitu vya kuchanganya, vingine vikiwa vimetoka Afrika. Mwaka 1906 aliolewa na Charles Joseph Walker, mtu aliyejua kazi ya matangazo ya magazeti. Hapo ndipo lilipopatikana jina la Madam C. J. Walker, likabandikwa juu ya kila mkebe.

Je, ndani ya mkebe mlikuwa na nini? Hapa wanafunzi wa Kemia kidato cha tatu watege sikio. Kiini cha dawa ile kilikuwa salfa, ile poda ya manjano tunayosomea maabarani. Salfa ilichanganywa na mafuta ya mgando, pamoja na vitu kama nta ya nyuki na mafuta ya nazi, kisha ikatiwa manukato ili harufu yake ifunikwe. Matumizi ya salfa kwa magonjwa ya ngozi hayakuwa jambo jipya, kwani waganga walikuwa wakiitumia tangu zamani. Salfa hulainisha magamba ya mba yakabanduka, na hupunguza vimelea vya ngozi. Kwa hiyo mtu aliyekuwa na mba mkali na vidonda alipona, na ngozi ilipopona nywele zikapata nafasi ya kuota tena.

Lakini mafuta peke yake hayakuwa siri yote. Walker aliwafundisha wanawake kuosha vichwa mara kwa mara kwa sabuni laini, kusugua ngozi polepole kwa vidole, kupaka dawa, na kisha kuchana kwa kitana cha chuma kilichopashwa moto. Kama ningeulizwa ni kipi kilicholeta nafuu kubwa zaidi, ningejibu bila kusita kwamba ni kule kuosha. Mkebe uliuzwa senti hamsini, lakini somo la usafi lilikuwa na thamani zaidi ya mkebe.

Basi biashara ikashika moto. Kwa mwaka mmoja na nusu hivi Walker na mumewe walizunguka majimbo ya kusini wakiuza na kufundisha, makanisani na majumbani. Mwaka 1908 alifungua chuo huko Pittsburgh, akakiita kwa jina la binti yake, cha kuwafunza wasusi. Mwaka 1910 akahamia Indianapolis na kujenga kiwanda. Maelfu ya wanawake walipata kazi ya uwakala. Wengi wao walikuwa madobi, wapishi na yaya, watu ambao hawakuwa na njia nyingine ya kujitegemea. Mwaka 1913 alisafiri hadi Jamaika, Kuba, Haiti, Kosta Rika na Panama kutafuta soko. Ndoa yake na Bwana Walker ilikuwa imevunjika mwaka 1912, ila jina alibaki nalo.

Usifikiri kwamba wakubwa walimpokea kwa mikono miwili. Mwaka huo huo wa 1912 kulikuwa na mkutano wa wafanyabiashara weusi mjini Chicago, ukiongozwa na Booker T. Washington, mtu aliyeheshimika mno. Walker aliomba nafasi ya kuzungumza, akapuuzwa. Siku ya mwisho alisimama tu bila kukaribishwa. Akawaeleza wanaume wale kwamba alitoka katika mashamba ya pamba, akapanda hadi beseni la udobi, akapanda hadi jikoni, na kutoka jikoni akajipandisha cheo mwenyewe hadi kwenye kiwanda alichokijenga kwenye ardhi yake. Mwaka uliofuata, Washington huyo huyo akamwalika rasmi awe miongoni mwa wasemaji. Haya, wasichana wa darasa letu mnaoogopa kuinua mkono mbele ya wavulana, mmesikia?

Sasa nije kwa lile swali ambalo lilizua mabishano makali chamani nilipousoma mswada wangu. Mwenzangu mmoja alisema kuwa Walker aliwaharibu watu weusi kwa kuwafundisha kunyoosha nywele za kipilipili wafanane na wazungu. Wapo watu waliomlaumu hivyo hata zama zake. Hoja hiyo ina uzito. Kitana cha moto kilinyoosha nywele, hilo halifichiki, na kikitumiwa vibaya huunguza. Lakini tusimtwike na ambayo si yake. Wengi husema ndiye aliyevumbua kitana cha moto, na hilo si kweli, kwani kilikuwapo Ulaya kabla yake. Yeye mwenyewe alipinga kuitwa mnyooshaji wa nywele, akasema kazi yake ni afya ya kichwa. Nionavyo mimi, mwanamke mwenye vidonda kichwani hatafuti kufanana na mzungu. Anatafuta kutoka nje bila kilemba. Hata hivyo nakubali kwamba tangazo la jina la dawa yake, lililoahidi kuotesha nywele kwa njia ya ajabu, lilitia chumvi. Salfa haiwezi kuotesha nywele pale ambapo mizizi imekwisha kufa.

Jambo hilo tunalielewa vizuri zaidi siku hizi. Wataalamu wa ngozi wanasema kwamba nywele kati ya hamsini na mia moja kutoka kwa siku ni jambo la kawaida. Zikitoka zaidi, kuna sababu nyingi. Kuna upara wa kurithi. Kuna mama aliyejifungua, ambaye nywele humtoka miezi mitatu hivi baadaye na kwa kawaida hurudi zenyewe. Kuna homa kali na upungufu wa madini ya chuma. Kuna mapunye, ambayo huhitaji dawa ya kumeza na si ya kupaka tu. Kuna upara wa viraka mviringo, unaotokea kinga ya mwili inaposhambulia mizizi ya nywele. Halafu kuna ule ninaouona kibandani kwa shangazi, wa kusuka kwa kukaza mno miaka nenda miaka rudi. Huu ukiwahiwa, kwa kuacha kukaza, nywele hurudi. Ukichelewa, ngozi hufanya kovu na mizizi haifufuki. Shangazi siku hizi akiona ngozi iliyoanza kung'aa hakubali kusuka. Humwambia mteja aende zahanati kwanza, ingawa kwa kufanya hivyo anapoteza mia kadhaa zake. Nadhani Walker angemwajiri.

Pesa hazikumfanya Walker asahau alikotoka. Mwaka 1911 alitoa dola 1,000 kwa ujenzi wa jumba la vijana weusi la YMCA huko Indianapolis, watu wakashangaa. Mwezi wa Julai 1917 watu weusi waliuawa katika fujo za East St. Louis. Maelfu wakaandamana kimya New York tarehe 28 mwezi huo. Siku chache baadaye Walker alikuwa kati ya wajumbe waliokwenda Ikulu ya Marekani kudai sheria dhidi ya mauaji ya watu weusi mikononi mwa makundi ya wazungu. Waliambiwa Rais Woodrow Wilson ana kazi nyingi. Walirudi mikono mitupu, lakini walikuwa wamekwenda. Mwezi huo wa Agosti aliwakusanya mawakala wake Philadelphia, zaidi ya mia mbili, katika mojawapo ya mikutano ya kwanza mikubwa ya wanawake wafanyabiashara nchini humo. Hawakuzungumza juu ya mafuta pekee. Walituma ujumbe kwa Rais kulaani mauaji hayo.

Mwaka 1918 alihamia katika jumba lake la kifahari, Villa Lewaro, kando ya mto Hudson, lililochorwa na msanifu mweusi Vertner Tandy. Kivuli alikuwa amekipata, ila hakukaa chini yake kwa muda mrefu. Alikuwa na shinikizo la damu na ugonjwa wa figo. Madaktari walimsihi apumzike, lakini hakupumzika. Alifariki tarehe 25 Mei 1919, akiwa na umri wa miaka hamsini na mmoja. Mwezi huo alikuwa ameahidi dola 5,000 kwa mfuko wa kupiga vita mauaji yale. Mali yake ilikadiriwa kuwa zaidi ya nusu milioni ya dola, na hutajwa kama mmoja wa wanawake wa kwanza Marekani kutajirika kwa jasho lao wenyewe. Mwaka 1998 serikali ya huko ilitoa stempu yenye picha yake.

Ndugu msomaji, tunajifunza nini? Kwanza, aliye na tatizo la kichwa si mtu wa kuchekwa. Mwenzako akinyolewa, wewe tia maji. Mwalimu wako, mamako au wewe mwenyewe siku moja mwaweza kujikuta mkihesabu nywele kwenye mto. Pili, usikimbilie mkebe kabla ya kujua ugonjwa. Mkebe wa Walker uliwafaa waliokuwa na mba na vidonda, ila kila upara una chanzo chake. Nenda zahanati ukaangaliwe mapema, kabla kovu halijaziba. Tatu, wasichana tuwaambie wasusi walegeze. Kichwa kikiuma usiku kucha baada ya kusukwa, huo si urembo, ni onyo.

Na kwa wale wenzangu wanaodhani maisha yao yameamuliwa kwa sababu tunasoma shule ya kutwa na tunakuja kwa miguu, kumbukeni dobi huyu. Mpaka anakaribia miaka arobaini hakuwa na kitu mfukoni wala nywele kichwani. Alikuwa na akili tu, na hizo, kama wasemavyo Waswahili, kila mtu ana zake.

Wino wangu umekwisha. Kwaherini mpaka toleo lijalo.